Adhabu ya Kifo na Kifungo cha Muda Mrefu: Kanisa Linafundisha Nini?

Yanapotokea mauaji ya kutisha, waamini wengi huwauliza mapadre wao swali hili: Je, Kanisa linamtetea muuaji? Ni swali halali, na likiulizwa na mama aliyemzika mwanawe halifai kujibiwa kwa haraka. Wengine huuliza kwa njia nyingine: Kama Maandiko Matakatifu yenyewe yanataja adhabu ya kifo, na kama Kanisa kwa karne nyingi liliikubali, kwa nini leo linaikataa? Makala hii inaeleza mafundisho ya Kanisa kuhusu jambo hilo, historia yake, hali ya sheria nchini Tanzania na kwa majirani, na sababu zinazoifanya adhabu ya kifungo cha muda mrefu kukubalika pale ambapo adhabu ya kifo haikubaliki.

Kwa ufupi, jibu ni hili. Tangu mwaka 2018, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2267, inafundisha kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kwa sababu inashambulia utu na heshima ya mtu, na kwamba Kanisa linajitoa kufanya kazi ili ifutwe duniani kote. Mafundisho haya hayasemi kwamba muuaji aachwe huru, wala hayapunguzi uzito wa damu iliyomwagika. Muuaji anastahili adhabu, na adhabu hiyo yaweza kuwa kifungo kirefu sana. Lakini kati ya kifungo na kitanzi kuna tofauti isiyo ya ukali tu. Kifungo kinamzuia mtu asidhuru tena, na bado kinamwachia nafasi ya kutubu na kulipizia kosa lake. Kinawaachia mahakimu nafasi ya kusahihisha hukumu iliyokosewa. Kitanzi kinaifunga milango hiyo yote kwa mara moja.

Malengo ya adhabu

Kabla ya kulinganisha adhabu hizi mbili, ni vema kujua Kanisa linaielewaje adhabu yenyewe. Katekisimu, katika namba 2266, inataja malengo makuu matatu. La kwanza ni kurekebisha uharibifu ulioletwa na kosa: haki iliyovunjwa lazima itambuliwe hadharani kuwa imevunjwa, na mkosaji abebe mzigo unaolingana na uzito wa tendo lake. La pili ni kulinda usalama wa watu na utulivu wa jamii. La tatu ni uponyaji: kadiri inavyowezekana, adhabu imsaidie mkosaji kujirekebisha.

Kisasi hakimo katika malengo hayo. Kisasi hutafuta kuituliza hasira ya aliyeumizwa kwa kumwumiza aliyeumiza. Adhabu ya haki hutafuta kuijenga upya jamii iliyobomolewa. Mwanadamu mmoja anaweza kuyabeba yote mawili moyoni kwa wakati mmoja, na hatupaswi kushangaa. Ila dola, inayotenda kwa niaba ya wote, haina ruhusa ya kuchanganya mambo hayo.

Maandiko Matakatifu

Ni kweli kwamba Sheria ya Musa iliamuru kifo kwa makosa mbalimbali, na Kitabu cha Mwanzo, sura ya 9, kinamwonya amwagaye damu ya mwanadamu kwamba damu yake nayo itamwagwa. Wanaotetea adhabu ya kifo hurejea hapo mara nyingi, na pia Waraka kwa Warumi, sura ya 13, ambapo Mtume Paulo anasema kwamba mtawala habebi upanga bure.

Sababu inayotolewa katika Mwanzo sura ya 9 ndiyo inayobeba uzito: mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Kuua ni kosa la kutisha kwa sababu ya mfano huo. Kanisa, likilitafakari neno hilo kwa karne nyingi, limetambua kwamba mfano wa Mungu hauondoki ndani ya muuaji kwa sababu ametenda dhambi. Umetiwa doa, haukufutwa.

Biblia yenyewe inatuelekeza huko. Muuaji wa kwanza, Kaini, alihukumiwa na Mungu kwa ukali: alifukuzwa katika ardhi iliyoinywa damu ya ndugu yake. Hata hivyo Mungu alimtia alama ili yeyote asimwue. Adhabu ilikuwapo, na uhai ulilindwa. Mfalme Daudi alisababisha kwa makusudi kifo cha Uria ili aficha uzinzi wake; kwa Sheria alistahili kufa. Nabii Natani alimweka uso kwa uso na dhambi yake, matokeo mazito yakaifuata nyumba yake, lakini uhai wake uliachwa, naye akatubu. Kupitia Nabii Ezekieli, sura ya 33, Mungu anaeleza kwamba hafurahii kufa kwake mwovu, bali anataka aiache njia yake mbaya apate kuishi.

Katika Agano Jipya, Bwana wetu aliwekwa mbele ya mwanamke ambaye, kwa Sheria, alipaswa kupigwa mawe. Hakusema kwamba kosa si kosa. Aliwarudisha washitaki kwenye dhambi zao wenyewe, kisha akamwamuru yule mwanamke asitende dhambi tena. Sauli, aliyezitunza nguo za waliompiga mawe Stefano, aliachiwa muda, na muda ule ukalipa Kanisa Mtume wa Mataifa. Tena tusisahau kwamba msalaba tunaoubusu kila Ijumaa Kuu ulikuwa chombo cha kutekelezea hukumu ya kifo, na aliyetundikwa juu yake hakuwa na kosa.

Kuhusu upanga wa Warumi 13, Mtume Paulo anawafundisha Wakristo kuitii mamlaka halali na kutambua kwamba inayo haki ya kuadhibu. Kanisa bado linafundisha hivyo. Linachokataa ni dai kwamba haki hiyo ya kuadhibu ni lazima ifike hadi kuutoa uhai wa mtu ambaye tayari amekamatwa, amefungwa na hawezi kudhuru.

Mapokeo ya Kanisa

Mwamini anapaswa kuambiwa ukweli wa historia bila kufichwa. Kwa karne nyingi Kanisa lilikubali kwamba mamlaka ya dola inaweza, katika makosa mazito, kutoa adhabu ya kifo. Papa Inosenti wa Tatu, mwanzoni mwa karne ya 13, alitaka Wawaldo waliorudi katika Kanisa wakiri hivyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliifananisha jamii na mwili: kama mganga anavyokata kiungo kilichooza ili kuuokoa mwili mzima, ndivyo mtawala awezavyo kumwondoa mtu anayeihatarisha jamii. Katekisimu ya Mtaguso wa Trento, ya mwaka 1566, ilifuata njia hiyo, na Papa Pius wa Kumi na Mbili aliitetea hoja hiyo mwaka 1952. Dola la Papa lenyewe lilitekeleza hukumu za kifo hadi mwaka 1870, na adhabu hiyo ilibaki katika sheria za Mji wa Vatikani tangu mwaka 1929 hadi ilipofutwa mwaka 1969 chini ya Mtakatifu Paulo wa Sita, bila kutumika hata mara moja.

Lakini katika Mapokeo hayohayo kuna sauti nyingine, na mojawapo ya zilizo wazi zaidi imetoka Afrika. Kati ya mwaka 411 na 412, Wadonati fulani katika eneo la Hippo, katika nchi ambayo leo ni Algeria, walikiri kwamba walimwua padre mmoja Mkatoliki, na padre mwingine walimng'oa jicho na kumkata kidole. Mtakatifu Augustino, aliyekuwa askofu wa hapo, aliwaandikia Marselino, afisa wa dola, na Apringio, liwali, akiwasihi wasiwaue watu hao wala kuwalipiza jicho kwa jicho. Hakuomba waachiwe. Aliomba wazuiwe wasitende maovu tena, na nguvu zao zielekezwe katika kazi yenye manufaa. Waliouawa na kuumizwa walikuwa mapadre wake mwenyewe. Askofu huyo hakuona kwamba kuwahurumia wauaji ni kuwasaliti wafiadini. Aliona kwamba mateso ya watumishi wa Mungu yatachafuliwa yakilipwa kwa damu.

Hoja ya Mtakatifu Tomaso nayo tuisome vizuri. Kiungo hukatwa kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuuokoa mwili. Ikiwapo njia nyingine, mganga anayekimbilia kukata si mganga mwema.

Kutoka mwaka 1992 hadi mwaka 2018

Katekisimu ilipotolewa mwaka 1992, haikuiondoa adhabu ya kifo katika makosa mazito mno, ila ilifundisha kwamba njia zisizomwaga damu zikitosha kuilinda jamii, mamlaka izitumie hizo. Tarehe 25 Machi 1995 Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alitoa waraka wake juu ya Injili ya Uhai. Humo alieleza kwamba mazingira ambamo jamii haina njia nyingine ya kujilinda isipokuwa kumwua mkosaji yamekuwa machache sana, kama si kwamba hayapo kabisa. Toleo rasmi la Katekisimu la mwaka 1997 lilipokea mafundisho hayo.

Tarehe 2 Agosti 2018 yalitangazwa mabadiliko ya namba 2267 yaliyoidhinishwa na Papa Fransisko. Andiko jipya linasimama juu ya sababu tatu. Kwanza, dhamiri ya watu imezidi kutambua kwamba utu wa mtu haupotei hata baada ya kutenda uhalifu mkubwa. Pili, umepatikana uelewa mpya wa maana ya adhabu zinazotolewa na dola. Tatu, zimekuwapo njia bora zaidi za kuwazuilia wahalifu, zinazowalinda raia bila kumnyima mkosaji kwa namna ya mwisho kabisa nafasi ya kukombolewa.

Je, Kanisa limejipinga lenyewe? Barua iliyotolewa wakati huo na Kadinali Luis Ladaria, aliyesimamia mafundisho ya imani mjini Vatikani, inaeleza kwamba huu ni ukuaji wa mafundisho, si upinzani dhidi ya mafundisho ya nyuma. Mbegu na mti ni kitu kimoja katika hatua mbili. Kanisa lilifundisha daima kwamba uhai ni mtakatifu, kwamba dola ina wajibu wa kulinda raia, na kwamba mkosaji anaitwa kutubu. Mambo hayo matatu hayajabadilika. Kilichokua ni uelewa wa namna yanavyopatana. Papa Fransisko aliyathibitisha mafundisho hayo katika waraka wake juu ya udugu wa kibinadamu, wa tarehe 3 Oktoba 2020.

Sheria ya Tanzania na ya majirani

Nchini Tanzania, Kanuni ya Adhabu inaweka adhabu ya kunyongwa hadi kufa kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Kanuni hiyo ina asili yake katika utawala wa Waingereza, walioileta Tanganyika mwaka 1930. Kifungu cha 197 hakimpi jaji nafasi ya kuchagua: kosa likishathibitika, hukumu ni moja. Aliyeua kwa kupanga kwa miezi mingi na aliyeua katika ugomvi wa ghafla, iwapo mahakama itaona kwamba alikusudia, wote husomewa maneno yaleyale.

Mwaka 1994, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu hiyo inapingana na Katiba. Mwaka 1995, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na yenye kudhalilisha utu, lakini ikaamua kwamba Ibara ya 30 ya Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Hukumu ya kifo ilitekelezwa kwa mara ya mwisho nchini mwaka huohuo wa 1994. Tangu hapo hakuna aliyenyongwa, na mwaka 2017 Rais John Magufuli alitamka hadharani kwamba hatapenda kutia sahihi hati za kunyonga. Mahakama zimeendelea kutoa hukumu hizo, kwa sababu sheria inaziamuru.

Hivyo mamia ya watu wamekaa magerezani wakingoja kifo ambacho hakiji na ambacho hakijafutwa. Rais anaweza, kwa Ibara ya 45 ya Katiba, kuibadili hukumu kuwa kifungo, na marais wamefanya hivyo mara kadhaa. Lakini jambo lililo hisani ya kiongozi mmoja halitoshi kuwa ulinzi wa haki. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba ulazima wa adhabu hiyo unakiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga ni kinyume cha utu.

Majirani wametangulia kwa hatua tofauti. Rwanda, yenye jeraha la mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, iliifuta adhabu ya kifo mwaka 2007. Burundi iliifuta mwaka 2009. Mwaka huohuo wa 2009, Mahakama ya Juu ya Uganda iliuondoa ulazima wa adhabu hiyo, na kuamua kwamba asiyenyongwa ndani ya miaka 3 tangu rufaa yake ya mwisho ahesabiwe kuwa na kifungo cha maisha. Mahakama ya Juu ya Kenya iliuondoa ulazima huo Desemba 2017. Zambia iliifuta adhabu hiyo mwaka 2022. Mfano wa Rwanda unastahili kutafakariwa na kila anayesema kwamba kuna makosa ambayo kifo pekee ndicho kinachoyatosha.

Kuzipima adhabu hizi mbili

Sasa tuzipime adhabu hizi kwa malengo matatu tuliyoyataja.

*Ulinzi wa jamii.* Mtu aliyefungwa katika gereza lililo imara hawezi kuwadhuru watu wa nje. Wapo wanaosema kwamba kunyonga kunawatisha wengine wasiue. Dai hilo halijathibitika. Mwaka 2012, jopo la wataalamu wa Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilichunguza tafiti za miongo zaidi ya mitatu na kuona kwamba haziwezi kutuambia iwapo adhabu ya kifo inapunguza mauaji, inayaongeza, au haina athari. Nchini Kanada, iliyoifuta adhabu hiyo mwaka 1976, kiwango cha mauaji kilishuka katika miongo iliyofuata. Kinachomzuia mhalifu zaidi ni kujua kwamba atakamatwa. Pale ambapo upelelezi ni dhaifu na mashahidi wanaogopa, ukali wa adhabu hauzibi pengo hilo.

*Kurekebisha uharibifu.* Hakuna adhabu inayomrudisha marehemu. Kinachowezekana ni kwamba ukweli ujulikane na aliye na hatia abebe mzigo. Lakini je, kama tumemkosea mtu? Nchini Uingereza, Timothy Evans alinyongwa Machi 1950 kwa kosa la kumwua binti yake mchanga. Shahidi mkuu dhidi yake alikuwa jirani yake, John Christie. Miaka 3 baadaye iligundulika kwamba Christie alikuwa muuaji wa wanawake kadhaa, naye akakiri kumwua mke wa Evans. Mwaka 1966 Evans alipewa msamaha rasmi, akiwa kaburini miaka 16. Marekani nako, tangu mwaka 1973, zaidi ya watu 190 waliokuwa wamehukumiwa kifo wameondolewa hatia. Hao waliokolewa kwa sababu walikuwa bado hai. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Aliyefungwa miaka 20 bila hatia ametendewa udhalimu mkubwa, lakini anaweza kufunguliwa, kuombwa radhi na kulipwa fidia. Katika nchi zetu, ambako mshitakiwa maskini mara nyingi hukutana na wakili wake kwa muda mfupi tu kabla ya kesi, hofu hii si ya kinadharia.

*Uponyaji wa mkosaji.* Hapa ndipo tofauti inapoonekana waziwazi kwa macho ya imani. Mwezi Julai 1902, nchini Italia, Alessandro Serenelli, kijana wa miaka 20, alimchoma kisu mara nyingi Maria Goretti, msichana wa miaka 11, kwa sababu alikataa kutenda naye dhambi. Maria alikufa siku iliyofuata akiwa amemsamehe. Italia ilikuwa imekwisha kuifuta adhabu ya kifo kwa makosa ya kawaida, na Alessandro, kwa sababu ya umri wake, alihukumiwa miaka 30. Katika miaka ya mwanzo hakuonyesha majuto. Toba yake ilikuja baadaye, gerezani. Alitoka mwaka 1929, akaenda kumwomba msamaha Assunta, mama wa Maria, naye akamsamehe. Alitoa ushuhuda katika mchakato wa kumtangaza Maria kuwa Mwenye Heri, na akaishi miaka yake ya mwisho kama mtumishi katika konventi ya Wakapuchini hadi alipofariki mwaka 1970. Kama angenyongwa mwaka 1902, angekufa akiwa bado na moyo mgumu.

Wapo wanaojibu kwamba kifo kinachokaribia ndicho kinachomfanya mtu atubu upesi. Ni kweli kwamba Mungu aweza kuitumia hata saa hiyo. Jacques Fesch, Mfaransa aliyemwua polisi mjini Paris mwaka 1954 katika wizi, aliongoka kwa kina gerezani, na alipokatwa kichwa tarehe 1 Oktoba 1957 alikuwa mtu wa sala. Mwaka 1993 Jimbo Kuu la Paris lilianza mchakato wa kumtangaza Mwenye Heri. Lakini mfano wake hauitetei adhabu ya kifo. Mtu aliyeuawa asubuhi ile hakuwa tena yule aliyeua. Jamii ilimwua aliyekwisha kubadilika. Tena toba ya Alessandro ilihitaji miaka. Neema haina ratiba, na hakuna mahakama yenye uwezo wa kuipangia tarehe ya mwisho.

Kifungo nacho kina mipaka yake

Isidhaniwe kwamba, kwa kuwa Kanisa linakubali kifungo cha muda mrefu, kila kifungo ni cha haki. Papa Fransisko alikiita kifungo cha maisha kisicho na matumaini yoyote adhabu ya kifo iliyofichika, na mwaka 2013 kifungo cha maisha kiliondolewa katika sheria za Mji wa Vatikani. Hoja yake inafuata mantiki ileile: mkosaji akiambiwa kwamba hata atubu namna gani, hata abadilike kiasi gani, hakuna atakayemsikiliza, basi lengo la tatu la adhabu limefutwa. Haimaanishi kwamba kila muuaji lazima atoke. Wapo ambao, kwa usalama wa wengine, watabaki gerezani hadi mwisho. Maana yake ni kwamba baada ya miaka mingi pawe na utaratibu wa kisheria wa kuitazama upya hali ya mfungwa.

Vilevile, gereza lenye msongamano, maradhi na njaa haliwezi kuitwa mahali pa uponyaji. Baadhi ya watu huuliza: Kwa kuwa magereza yetu hayafikii viwango vya nchi tajiri, je, mafundisho ya Kanisa yanatuhusu? Yanatuhusu. Sababu ya kwanza ya Katekisimu, yaani utu usiopotea, haitegemei ubora wa kuta za gereza. Magereza mabaya yanatudai tuyaboreshe. Hayatupi ruhusa ya kunyonga. Na kwa wanaolalamika kwamba kodi zao zinamlisha muuaji, jibu ni lile la Mtakatifu Augustino: mfungwa apewe kazi yenye manufaa, na inapowezekana sehemu ya pato lake iwafikie aliowakosesha riziki kwa kumwua mlezi wao.

Familia za waliouawa, na wajibu wetu

Waamini wengi wamepoteza ndugu kwa mikono ya watu. Kanda ya Ziwa imeshuhudia mauaji ya watu wenye ualbino na ya bibi vizee walioshukiwa uchawi. Hakuna mwenye haki ya kuwaambia jamaa zao wasamehe kana kwamba ni jambo jepesi. Msamaha ni safari, na Kanisa linapaswa kuitembea pamoja nao. Lakini familia inayongoja miaka 20 hukumu itekelezwe, katika nchi isiyonyonga, imefungwa nayo katika kungoja huko. Hukumu ya kifungo inayoeleweka na kutekelezwa mara moja ingewapa haki kamili zaidi kuliko ahadi ya kitanzi isiyotimizwa.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zinaweza kufanya mengi: kuzitembelea familia hizo hata baada ya arobaini kupita, kuwasaidia yatima ada za shule, na kuadhimisha Misa kwa ajili ya marehemu kila mwaka. Tusipofanya hivyo, tukizungumza juu ya utu wa muuaji tu, watu wana haki ya kutushangaa.

Tuwatembelee pia waliofungwa, kwa maana Kristo mwenyewe, katika Injili ya Matayo, sura ya 25, amejihesabu miongoni mwao. Na tusiisahau familia ya mfungwa, mke na watoto ambao kijijini hunyoshewa vidole kwa kosa wasilolitenda.

Kuna jambo moja zaidi linalomhusu kila mmoja wetu. Wengi hawatakuwa kamwe majaji wala wabunge, lakini wengi wamewahi kusikia kelele za mwizi. Mtu anapochomwa moto barabarani na wananchi wenye hasira, hiyo ni adhabu ya kifo bila shitaka, bila shahidi, bila rufaa. Mkatoliki anayeokota jiwe, anayetoa kiberiti, au anayesimama akishangilia, amevunja amri ya tano. Anahitaji Sakramenti ya Kitubio, na akiwa ameshiriki kuua anao wajibu wa haki kwa familia ya aliyekufa. Anayepiga simu polisi na kuwazuia wenzake ameyatimiza mafundisho haya kuliko mwenye kuyajua kwa kichwa tu.

Waamini walio na nafasi katika bunge, mahakama na vyombo vya sheria wanaalikwa kushirikiana na raia wote wenye mapenzi mema ili, kwa hatua halali, ulazima wa kifungu cha 197 uondolewe na hatimaye adhabu yenyewe ifutwe, na mahali pake pawekwe kifungo kinachowalinda watu na kumwachia mkosaji muda. Sisi wengine tuombe: kwa ajili ya waliouawa, wapumzike kwa amani, kwa ajili ya wafiwa, wapate haki na faraja, na kwa ajili ya waliohukumiwa, wasife kabla ya kutubu.